Neno la Chai

Mfaume Nandonde hakujitetea, na hilo ndilo lililomkaa Gwakisa kooni asiweze kulimeza wala kulitema.

Walikuwa watatu ofisini kwa Bi Tusekile, mkuu wa Kituo cha Kisyombe. Nje, ukungu wa Mlima Rungwe ulikuwa umeteremka mpaka kwenye migomba ya uani. Mezani, kati yao, ulilala ukanda mweusi wa Mfaume, ule ambao watu wa kisimani huuvaa kifuani chini ya shati.

"Mwanangu, nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema Bi Tusekile. "Ulipokuwa chini, ulisikia kizunguzungu?"

"Hapana, mama."

"Ulicheka ovyo? Uliona vitu visivyokuwepo?"

"Hapana."

"Basi kwa nini ukanda ulipiga kelele kwamba moyo wako umepagawa?"

Mfaume alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa Newala, mrefu, mwepesi wa kucheka, na hata sasa, cheti chake cha kuzama kikiwa hatarini, kicheko kilikuwa karibu na mdomo wake. "Labda moyo umechoka, mama. Nao ni nyama."

Bi Tusekile hakucheka. Alimgeukia Gwakisa Mwasumbi, aliyekuwa amekaa wima kwenye kiti cha pili, sweta yake ya kijivu imefungwa vifungo mpaka shingoni. "Na wewe mshika kamba wake, una la kusema?"

"Ukanda ulilia, nikamtoa," Gwakisa alisema. "Ndivyo taratibu zinavyotaka."

Yote yalikuwa kweli. Ni kweli za namna hiyo alizokuwa akiishi nazo, kweli ambazo huwezi kumkamata nazo mtu.

"Tumepoteza keekee iliyoachwa kule chini kwa ajili ya kelele isiyo na sababu," alisema Bi Tusekile. "Keekee si kitu. Lakini mzamaji ambaye mwili wake unadanganya, huyo mimi siwezi kumshusha nikalala. Kesho asubuhi mtafanya safari ya majaribio, ninyi wawili, na mimi nitakaa hapo hapo. Ukanda ukilia tena bila sababu, Mfaume, utanipa cheti chako na tutakutafutia kazi ya juu."

"Sawa, mama," Mfaume alisema kwa upole, na wakati wa kutoka akamfungulia Gwakisa mlango.

*

Kisima cha Kisyombe kilikuwa kirefu kwenda chini kuliko mlima ulivyokwenda juu. Mvuke wake ndio uliowasha taa za Mbeya nzima na kupasha moto wodi na madarasa katika baridi ya Juni, na kuta zake zilihitaji kukarabatiwa kila mara. Zamani zilijaribiwa mashine. Zilifika kwenye mwamba wa moto, macho yao yakapofuka, mikono ikakakamaa. Binadamu, ukimvika koti la barafu na kumshusha ndani ya kizimba, alistahimili. Shida ilikuwa ulevi wa chini. Hewa ya kule humlewesha mzamaji kidogo kidogo mpaka anakufa huku anacheka, na ukimwuliza hali yake kwenye simu ya waya atakuapia kwamba hajapata kujisikia vizuri namna hiyo maishani.

Kwa hiyo sauti ya mzamaji haikuaminiwa. Kilichoaminiwa ni ukanda. Mzamaji alivaa wa kwake, mshika kamba aliyekaa juu kwenye winchi akavaa wa kwake, na uzi mmoja wa kioo ukawaunganisha, hata hofu ya mmoja ikamgonga mwenzake kifuani. Moyo wa mzamaji ukipagawa, ukanda ulipiga kelele na kuandika jina lake, na mshika kamba akamtoa bila kuuliza.

Ila mioyo miwili kwenye uzi mmoja huchanganyika. Ndiyo maana kabla ya kila safari kila mmoja alitoa neno: alisema kwa sauti jambo moja la kweli, jambo zito linalomtikisa, ili ukanda uujue moyo wake unavyokuwa ukitikisika na usiudhanie kuwa wa mwenziwe. Waanzilishi wa kituo, inasemekana, walikuwa wakitoa neno huku machozi yanawatoka. Watu wa siku hizi walikuwa na haraka. Mtu alisema, "Leo nimekunywa chai ya tangawizi," ukanda ukaridhika, kazi ikaanza. Hata jina walikuwa wamelipa, neno la chai, na wakubwa walilisikia wakajifanya viziwi.

Hakuna aliyelitumia kama Gwakisa. Miaka yote aliyokuwa Kisyombe hakupata kutoa neno jingine. Leo ni Jumanne. Viatu vyangu vimelowa. Nimekunywa chai. Na wazamaji waligombania kushikwa kamba naye, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umetulia tuli kama maji ya mtungini. Hakuna aliyejiuliza umetulizwa na nini.

Mwenyewe alijua. Alipokuwa chuoni Iringa alimwambia rafiki mmoja, mmoja tu, kwamba yeye ni mtu wa kupenda wanaume wenzake. Sheria ya kuwafunga watu kama yeye ilikuwa imefutwa kabla hajazaliwa, ikazikwa bila matanga. Lakini sheria ikifutwa, midomo haifutwi. Kufikia jioni bweni zima lilikuwa na habari. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Ilipofika siku ya mazoezi, hakuna aliyetaka kushikwa kamba naye, basi. Alisimama kwenye mdomo wa kisima cha mazoezi na ukanda mkononi, na wenzake wakawa wanatazama viatu vyao. Akajifunza. Alipohamia Kisyombe alikuja na neno lake la chai na sweta yake ya vifungo, na kazi yake haikuwa na dosari.

Mpaka siku ile. Siku ile Mfaume alikuwa chini, anafungua keekee, anaimba kwa sauti mbaya kama kawaida yake. Gwakisa alihisi baridi, akaichukua sweta yake kwenye mgongo wa kiti. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetoboka tangu majira ya mvua. Akaona kimeshonwa. Kimeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo midogo ya mtu mwenye mikono mikubwa aliyejitahidi, na uzi wa bluu ulikuwa mmoja tu kituoni, ule wanaotumia wazamaji kuzibia makoti yao. Gwakisa alipitisha kidole juu ya ile mishono, akaijua kuwa ya Mfaume, na kitu alichokuwa amekifungia miaka mingi kikasimama chote kwa mara moja. Alimpenda Mfaume.

Ukanda ukapiga kelele, ukaandika jina la Mfaume.

Si ajabu. Ukanda ulikuwa haujapata kukutana na moyo wa Gwakisa ukiwa umetikisika. Ulichofundishwa ni kwamba huyu wa juu ni mtu wa chai. Basi moyo unaoruka namna ile ungekuwa wa nani, kama si wa yule mwingine?

*

Alimkuta Mfaume kwenye chumba cha kukaushia makoti, anayageuza nje ndani. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mabomba, na harufu ya mpira na jasho imejaa humo.

"Bwana Tangawizi," Mfaume alimsalimu bila kugeuka. Ndilo jina alilompa. "Njoo ushike huku, koti hili lina uzito wa maiti."

Gwakisa akashika. Waligeuza koti lile, wakageuza la pili.

"Kwa nini hukusema?" Gwakisa aliuliza hatimaye.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Mfaume alinyoosha mkono wa koti, akaupapasa kutafuta tundu. "Moyo wangu naufahamu, ndugu yangu. Nimeubeba tangu Newala. Siku ile ulikuwa unapiga polepole, nafungua nati. Kisha kikanijia kitu kutoka juu." Akaendelea kuupapasa. "Lakini sisi watu wa kisimani tuna adabu yetu. Kilichosikika kwenye ukanda hukaa kwenye ukanda."

"Watakunyang'anya cheti."

"Cheti ni changu, naweza kukitoa. Kile kingine hakikuwa changu."

Gwakisa alisimama ameshika koti la mtu mwingine kifuani, uso unamwaka moto, na akaona aibu kwamba huyu mwenzake alikuwa tayari kwenda kuhesabu spana ghalani kuliko kumfungua mtu kinywa kwa nguvu.

"Halafu mbona unanitia majonzi?" Mfaume alisema, sasa anatabasamu. "Kesho kaa utulie kama ulivyozoea. Fikiria Jumanne. Fikiria viatu vyako vilivyolowa. Ukanda hautalia, mama ataridhika, tutaendelea na maisha. Wewe si ndiye jiwe la Kisyombe?"

Ilikuwa njia nyepesi, na Gwakisa alitoka nayo mle chumbani karibu aikubali.

Alirudi nyumbani kwa miguu kupitia kwenye mashamba ya viazi, na kadiri alivyokwenda ndivyo ile njia nyepesi ilivyozidi kunuka. Angeweza kukaa kama jiwe kesho. Labda na keshokutwa. Lakini itafika siku ukanda utalia tena, na mkono wake utakuwa kwenye breki ya winchi, na badala ya kuvuta atajiuliza: huyu ni Mfaume anayekufa, au ni mimi? Zamani hakuwa na shaka, ukanda ukilia alivuta. Sasa alikuwa na siri yenye pembe mbili. Akivuta ovyo, Mfaume anapoteza kazi. Akisita kidogo tu, Mfaume anapoteza roho, anacheka peke yake kule chini na simu mkononi.

Na njia ya pili alikuwa anaijua. Neno zito. Hilo moja tu lingeufundisha ukanda moyo wake. Lakini Bi Tusekile atakuwa ameketi palepale, na Atupele, mshika kamba wa zamu ya pili, na vijana wa winchi; na kituo kilikuwa na sheria ya zamani ambayo hakuna aliyeitilia maanani kwa kuwa haikuwahi kumpata mtu: wapendanao hawashikiani kamba. Akisema, atampoteza Mfaume kazini siku hiyohiyo. Na hakujua kama nje ya kazi alikuwa naye. Mtu kukushonea sweta si kiapo. Watu wa Newala ni wakarimu, huenda angemshonea hata mlinzi.

Usiku ule aliitandika sweta juu ya kiti na kuitazama. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ileile ya Iringa, haikuwa imezeeka hata siku moja.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata taa za mdomo wa kisima hazikuzimwa. Bi Tusekile alikaa kwenye benchi amejitanda khanga mbili juu ya koti. Atupele, msichana mfupi mwenye mikono ya mkulima, alikuwa anakagua winchi. Mfaume alikuwa tayari kizimbani, koti la barafu limemfanya pande la mtu, uso tu unaonekana nyuma ya kioo.

Kwa desturi mshika kamba ndiye anayetangulia kutoa neno, kwa kuwa mzamaji hamkabidhi roho yake mtu asiyemjua. Kwenye kibanda cha winchi, Gwakisa alivaa ukanda. Alihisi ukimbana mbavu. Kwenye simu akasikia sauti ya Mfaume, ya chini, ya kumtania, "Chai, ndugu yangu. Sema chai twende."

"Leo," Gwakisa alianza.

Ukanda ulisubiri. Bi Tusekile alikuwa anapangusa miwani yake.

"Leo sikunywa chai," Gwakisa alisema. "Haikupita kooni. Neno langu ni hili. Siku ile ukanda ulipolia, moyo ulikuwa wangu. Si wa Mfaume. Yeye alikuwa mzima. Mimi nilishika kiwiko cha sweta yangu nikaona kimeshonwa, nikajua ni nani aliyekishona, na nikajua kwamba nampenda. Ukanda haukunitambua kwa sababu sijapata kuuonyesha moyo wangu. Nimewapa wote chai." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Ndilo neno langu."

Taa ya ukanda, ile ndogo ya kijani, ilipepesa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ulikuwa unajifunza. Ulikuwa unapokea moyo mzima wa mtu mzima kwa mara ya kwanza, na haukupiga kelele.

Kijana mmoja wa winchi alisogea mbali hatua mbili, akajifanya anafuata spana. Gwakisa aliziona zile hatua mbili, alikuwa akizisubiri.

Bi Tusekile alivaa miwani. Alisimama, akaja mpaka mbele yake, na Gwakisa akaona kwamba mama huyu anatetemeka kwa hasira.

"Miaka yote hii," alisema, "umeshika roho za watoto wa watu kwa chai?"

"Ndiyo, mama."

"Nimewazika wazamaji wawili mimi, kabla hujaja. Wawili! Kila asubuhi nasikia wenzako wanatoa neno la chai, najiambia, Gwakisa yupo, Gwakisa ni mwangalifu." Akapumua kwa nguvu. "Hayo ya kumpenda mtu, hayo ni yako, sina mzani wa kuyapimia. Lakini chai! Vua ukanda."

Gwakisa akauvua.

"Utarudi darasani pamoja na wanafunzi mpaka nitakaporidhika. Na huyu," akaelekeza kidevu kizimbani, "hutamshika kamba tena. Sheria unaijua."

"Naijua, mama."

"Uliijua ukasema?"

"Ndiyo."

Bi Tusekile alimtazama, na kitu usoni pake kikalegea kidogo, si sana. "Mfaume hana kosa. Cheti chake kinabaki. Atupele, njoo uvae. Na atakayenitolea neno la chai leo nitamteremsha yeye kisimani bila koti."

Wakamtoa Gwakisa kwenye kibanda cha winchi na kufunga mlango. Kupitia kioo alimwona Atupele akitoa neno lake, jambo fulani lililomfanya afute pua kwa mgongo wa mkono. Kisha akaona midomo ya Mfaume ikicheza kule kizimbani. Neno lake lilikuwa fupi. Atupele alilisikia, akageuza shingo polepole, akamtazama Gwakisa kupitia kioo kwa macho makubwa. Kisha winchi ikaanza, na kizimba kikazama kwenye mvuke.

*

Hakujua kwamba kusubiri kunakuwa hivi.

Kwa miaka mingi alikuwa amewashusha watu akiwa na mapigo yao kifuani. Wake za wazamaji, mama zao, waliokuwa wakija kukaa kwenye benchi nje ya uzio na vikapu vyao, aliwahurumia kwa mbali. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile. Kifua chake kilikuwa na moyo mmoja tu, wake, na haukumwambia lolote kuhusu Mfaume. Kamba ilitetemeka. Ilikuwa inatetemeka kwa kazi, au kwa nini? Hakuweza kujua. Ilimbidi aiamini mikono ya Atupele, aamini neno la msichana huyo ambalo hakulisikia, aamini kwamba dunia inaweza kumshika mtu wake bila yeye kuwepo kwenye breki. Hilo lilimwuma kuliko hatua mbili za yule kijana.

Vijana wa winchi walikaa upande wa pili. Hakuna aliyemtukana. Baadaye mmoja alileta birika, akamimina vikombe, na baada ya kusitasita akamsogezea kimoja juu ya benchi, pasipo kumtazama. "Ndaga," Gwakisa alimshukuru kwa lugha ya kwao. Kijana akaitikia kwa kichwa. Chai ilikuwa ya tangawizi, na hakuweza kuinywa.

Kisha winchi ikageuza sauti. Kizimba kikatokea kwenye mvuke, na Mfaume akatoka ndani yake anatiririka maji, anayumba kidogo kama wanavyoyumba wote. Atupele alifungua mlango wa kibanda, akainua kidole gumba kwa Bi Tusekile. Ukanda haukuwa umelia.

Gwakisa alisimama. Zamani asingehitaji kuuliza. Sasa alimwendea, na mbele ya watu wote akauliza kama anavyouliza mtu yeyote asiyejua.

"Unajisikiaje?"

"Nina kiu," Mfaume alisema. "Na nina njaa. Na kule chini palikuwa kimya leo, hapakuwa na mtu wa kuniazima moyo."

"Ulitoa neno gani?"

"Ah, Bwana Tangawizi. Kilichosikika kwenye ukanda hukaa kwenye ukanda."

Gwakisa aliinamisha kichwa. Alijiona mjinga, mtu mzima amesimama na kikombe cha chai iliyopoa. Mfaume alichukua kile kikombe, akakinywa chote, akakiweka chini. Halafu akavua glovu, akafungua zipu ya koti la barafu mpaka kifuani, pale ambapo ukanda ulikuwa umeacha alama kwenye ngozi. Akaushika mkono wa Gwakisa, akauweka juu ya alama hiyo.

Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Ulikuwa unagonga kama mtu aliyefungiwa nje, na ulevi wa chini haufiki juu ya ardhi.

"Huu ni wangu," Mfaume alisema. "Safari hii usimsingizie mtu mwingine."